Wajihi na Hukumu Kando ya Ziwa Mweru

Mnamo tarehe 24 Novemba 1867, katika uwanja wa jumba la Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, upande wa kusini wa Ziwa Mweru, aliketishwa mgeni Mskoti aliyedhoofishwa na homa na njia ndefu, ambaye majuma mawili tu kabla ya siku hiyo alikuwa ameyaona maji ya ziwa hilo kwa mara ya kwanza. Mgeni huyo, David Livingstone, alikuwa akitafuta chimbuko la Mto Nile. Lakini kwa kuwa msafiri hutazama kila kilicho mbele ya macho yake, hata kisichohusiana na alichokifuata, aliandika pia katika daftari lake habari za uso wa mwenyeji wake. Aliuona kuwa uso mzito, usiovutia, usio na ndevu wala sharafa, wenye macho ya makengeza yanayotazama nje; akasema kwamba kutwa nzima mfalme alitabasamu mara moja tu, ijapokuwa tabasamu lenyewe lilikuwa jema. Kisha akakiri jambo ambalo wasafiri wengi wa zama zile hawakuwa na insafu ya kulikiri, ya kuwa mafuvu ya watu yaliyokuwa langoni, na raia waliokatwa masikio na mikono aliowaona hapo, vilimwondolea moyo wa kukitazama chochote kwa ridhaa.

Walakini mfalme huyo mwenye uso usiopendeza ndiye aliyemwambia kwamba nchi i wazi mbele yake, aende atakako na atende apendalo, na ndiye aliyempelekea chakula. Hapo basi pana swali ambalo tangu siku ile halijapata jawabu jepesi: je, ni uso wa Kazembe uliomchukiza Livingstone, au ni mafuvu yale ya langoni yaliyomfanya auone uso kuwa mbaya?

Mwaka 1977 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Richard Nisbett na Timothy Wilson, waliwaonyesha wanafunzi filamu za mwalimu mmoja mwenye lafudhi ya Kibelgiji. Kundi moja lilimwona akijibu maswali kwa upole na uchangamfu. Kundi la pili lilimwona mtu yule yule, kwa uso ule ule, akijibu kwa ubaridi na dharau. Waliomwona mpole wakausifu wajihi wake, mienendo yake na hata matamshi yake. Waliomwona mkali wakasema kwamba mambo hayo hayo matatu yanaudhi, na la ajabu zaidi, wakashikilia kwamba ni sura na matamshi vilivyowafanya wamchukie, wala hawakutambua kwamba chuki ndiyo iliyotangulia. Ndivyo ilivyo kawaida ya nafsi ya mwanadamu: hutoa hukumu gizani, kisha huwasha taa na kuutafuta ushahidi usoni mwa mshitakiwa.

Katika mji ule ule wa Kazembe alikuwako mtu wa pili ambaye Livingstone alimpima kwa macho, naye akampa hukumu iliyo kinyume kabisa. Huyo alikuwa Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiarabu mweusi wa rangi na mnene wa mwili, mwenye ndevu nyeupe pepe na tabasamu la kupendeza, aliyekuwa amekaa nchini humo zaidi ya miaka 10 bila idhini ya kuondoka, akiwaona wafalme wa cheo hicho cha Kazembe wakipokezana utawala. Uso wake ulimpendeza Livingstone mara moja, naye akamwombea ruhusa mpaka akafunguliwa njia. Na Henry Stanley, aliyemkuta Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, aliandika baadaye kwamba mzee yule alilipa wema huo kwa kuwashawishi watumishi wa mfadhili wake wamtoroke. Mimi simhukumu Muhammad bin Saleh, kwani Stanley alikuwa mwepesi wa kuwashutumu watu, na aliyeshutumiwa hakupata mtu wa kumwandikia daftari lake. Nasema tu kwamba kati ya nyuso mbili alizozipima msafiri huyu mwenye uzoefu mkubwa wa watu, ule aliouona mzito ulimpa njia, na ule uliomchekea, kwa maneno ya Stanley, ulimtia hasarani.

Tena palikuwa na uso wa tatu, wa malkia, mke mkuu wa Kazembe, ambaye Livingstone alimsifu kuwa mwanamke mrefu, mwenye sura nzuri, akitembea na mikuki miwili mkononi huku wakuu wakimpisha njia. Na Mskoti yule mzima, mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, alipoamriwa amsalimu kwa mbali, alijisahau akampungia mkono asogee karibu, hata wafuasi wa malkia wakaangua kicheko na kukimbia. Mfalme hakupungiwa mkono.

Na kaskazini ya hapo, baina ya Mweru na Tanganyika, katika nchi ya Nsama, Livingstone aliwakuta watu aliowasifu kwa vichwa vyao vizuri na maumbo yao mema, hata akawalinganisha na mkutano wowote wa Wazungu, ila akasikitika kwamba wamechonga meno yao yakawa na ncha na hivyo, kwa rai yake, wameiharibu midomo yao. Msomaji ataona kioja kilichojificha hapa. Mwenye meno yaliyochongwa alivumilia maumivu ya patasi ili apendeze, na aliyemtazama akayahesabu mapambo yale kuwa ni ila. Mwaka huo huo wa 1867 Nsama mwenyewe, mzee aliyeogopwa nchi nzima kwa kuwa hajapata kushindwa, alivunjwa nguvu na Hamed bin Muhammed el Murjebi wa Zanzibar, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip. Yeye mwenyewe alisema kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake, na wengine wakasema kwamba lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa; lakini sidhani kama katika nchi ya Nsama alikuwako aliyesimama kuyatazama macho.

Je, uzuri basi ni mazoea tu, kila nchi na wake? Jawabu la wataalamu ni la katikati, na limepatikana kwa sehemu hapa hapa Afrika ya Mashariki. Tangu Mwingereza Francis Galton, katika miaka ya 1870, aziweke picha za nyuso nyingi moja juu ya nyingine, imejulikana kwamba uso unaotokana na mchanganyiko wa nyuso nyingi huonekana mzuri kuliko karibu kila uso uliochanganywa. Na mwaka 1990 Judith Langlois na Lori Roggman walilithibitisha jambo hilo kwa kompyuta. Mwaka 2007 Coren Apicella na wenzake wakazipeleka picha za namna hiyo kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Kwa nyuso za Kihadzabe, Wahadzabe waliupenda uso uliochanganywa kutoka watu 20 kuliko ule wa watu 5, kama ilivyotarajiwa. Lakini kwa nyuso za Kizungu, ambazo walizizoea kidogo mno, hawakuonyesha upendeleo wowote. Maana yake ni kwamba silika ya kupenda uso wa wastani tunayo sote, ila huo wastani wenyewe kila mtu huujenga kutokana na nyuso zilizomzunguka tangu utotoni.

Na nyuso zinazomzunguka mtoto wa Nchelenge ni za namna nyingi. Nchelenge na jirani yake Kashikishi zimeungana katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, lenye zaidi ya kilomita za mraba 5,000, ambalo sehemu yake ni ya Zambia na sehemu ni ya Kongo. Ng'ambo, huko Pweto na Kilwa, soko huongea Kiswahili, na huku huongea Kibemba, na wachuuzi wa pande zote mbili hujua cha kutosha katika lugha ya mwenzake kumkopesha na kumdai. Zamani Wagiriki waliokaa Kasenga, kwenye Mto Luapula, walinunua samaki wa huku kuwalisha wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi; leo magunia ya chisense, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana, husafirishwa hadi Ukanda wa Shaba. Ni biashara ya watu wasiojuana sana, ya haraka, yenye mkopo mwingi na maandishi machache. Yaani ni biashara ya aina hasa ambayo ndani yake uso hugeuzwa dhamana.

Tazama jinsi mnunuzi hodari anavyomchagua samaki aitwaye pale, yule mpana anayependwa huku. Humtazama macho kama yanang'aa au yameingia utando, humfunua mashavu kwa kidole gumba aone kama bado ni mekundu, kisha ndipo hutaja bei. Kwa samaki, kipimo hicho ni cha haki: wajihi wake hausemi uongo, kwa sababu kilichouharibu ndicho kilichoiharibu nyama. Balaa ni kwamba jicho lile lile, likiisha mpima samaki, huinuka likampima muuzaji kwa kanuni hiyo hiyo, kana kwamba binadamu naye huanza kuoza usoni.

Mwenendo huu ulipimwa zamani. Mwaka 1920 Mmarekani Edward Thorndike aligundua kwamba maofisa wa jeshi, walipotakiwa kuwapima askari wao kwa umbo, akili, uongozi na tabia, kila jambo mbali na jingine, walimpa aliye bora kwa umbo alama za juu katika mengine yote, kama kwamba sifa moja hueneza nuru yake juu ya sifa zisizoonekana. Mwaka 1972 Karen Dion, Ellen Berscheid na Elaine Walster waliwapa wanafunzi wa Minnesota picha za watu wasiowajua, nao wanafunzi wakawakadiria wazuri wa sura kuwa na tabia njema zaidi, ndoa za furaha zaidi na kazi za heshima zaidi. Katika jambo moja tu, ulezi wa watoto, hawakuwapa wazuri daraja la juu. Na mwaka 1994 wanauchumi Daniel Hamermesh na Jeff Biddle, wakichambua takwimu za Marekani na Kanada, walionyesha kwamba waliohesabiwa kuwa na sura duni hupata mshahara pungufu kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 10 kuliko watu wa sura ya kawaida, na kwamba jambo hili liliwagusa wanaume sawasawa na wanawake. Nchelenge hakuna aliyefanya hesabu hiyo, wala hapana haja ya kusubiri ifanywe ndipo mtu aamini kuwa mwenye kibanda cha kupokea na kutuma fedha hupenda kumwajiri msichana wa aina fulani.

Ila mimi naona kwamba haya yote ni utangulizi, na kwamba jambo zito kuliko yote limo katika jaribio jingine la Minnesota, la mwaka 1977, la Mark Snyder, Elizabeth Tanke na Berscheid yule yule. Wanaume walipewa kila mmoja picha ya mwanamke ambaye wangezungumza naye kwa simu. Baadhi walipewa picha ya mrembo, na baadhi picha ya asiye mrembo, na picha zote zilikuwa za watu wengine kabisa. Wanawake wenyewe hawakujua habari yoyote ya picha. Mazungumzo yakarekodiwa, kisha sauti za wanawake peke yake zikachezwa mbele ya wasikilizaji ambao hawakuelezwa lolote, nao wakaombwa waseme ni wanawake wa tabia gani. Wale ambao upande wa pili wa simu ulikuwa umeaminishwa kwamba ni warembo walisikika kuwa wachangamfu, wakunjufu na wenye kujiamini. Wale wengine walisikika baridi. Hawakuzaliwa hivyo. Mwanamume aliyedhani kwamba anazungumza na mrembo aliingia kwa upole, akacheka mapema, akangoja jibu. Na mwenye kupokelewa kwa ukunjufu hukunjuka. Mwishowe yule mwanamume akaondoka akiwa na hakika kwamba picha ilisema kweli, na kwa hakika ilikuwa imeanza kusema kweli, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeifanya kuwa kweli katika muda wa dakika 10.

Fikiri sasa jambo hilo likitendeka kila siku ya maisha ya mtu, tangu mama wa jirani alipomkuta mchangani na kumbeba yeye akamwacha nduguye, mpaka mwalimu, mpaka mnunuzi, mpaka mposaji. Atakapofika miaka 30, mtu aliyependwa kwa sura atakuwa kweli amepata ulimi mwepesi na moyo wa kujiamini, na aliyepuuzwa atakuwa kweli amekuwa mzito wa maneno. Na sisi tutawatazama wote wawili na kusema kwamba tuliyaona hayo nyusoni mwao tangu zamani. Kwa hiyo wanaosema kwamba hukumu ya uso ni ya uongo hawakulifikia shina lake. Hukumu hiyo ina nguvu ya kujitengenezea ushahidi, na hapo ndipo inaposhinda uongo wa kawaida kwa hatari.

Siku hizi mchuuzi wa Kashikishi huagizana mzigo na mnunuzi wa Kitwe au Lubumbashi kwa simu, na juu ya ujumbe pana picha ndogo ya mwenye namba. Jaribio lile la picha na simu limekuwa desturi ya soko.

Wala mtu asidhani kwamba mwanamke mwenye jamali anakula faida tupu. Katika uvuvi wa bonde la Mto Kafue, kusini ya Zambia, Sonja Merten na Tobias Haller walieleza mwaka 2007 jinsi wanawake wanavyopata samaki kwa kufungamana kimapenzi na wavuvi, na maradhi yanayofuata. Na mambo ya namna hiyo yamesimuliwa katika fuo nyingi za Afrika. Katika biashara ya sampuli hiyo uzuri wa mnunuzi ni mtaji ulioazimwa kwa riba kubwa, na anayeidai riba si yule aliyeuazima.

Shuleni na mahakamani hukumu hii huvaa joho la haki, kwa hiyo huko ndiko inakostahili kuogopwa zaidi. Mwaka 1973 Margaret Clifford na Elaine Walster waliwapelekea walimu wa Marekani ripoti ya mwanafunzi, maneno yale yale na alama zile zile, picha tu ikibadilishwa. Walimu wakamtarajia mtoto mzuri wa sura kuwa na akili zaidi na wazazi wanaojali elimu zaidi. Mwaka uliofuata David Landy na Harold Sigall walionyesha kwamba insha iliyoandikwa vibaya ndiyo inayookolewa zaidi na picha nzuri ya mwandishi, maana insha njema hujitetea yenyewe. Na mwaka 1975 Sigall na Nancy Ostrove waliwapa watu kisa cha mwanamke mhalifu wakadirie kifungo chake: kwa wizi wa kuvunja nyumba, mrembo alipewa kwa wastani chini ya miaka 3, na asiye mrembo zaidi ya miaka 5. Lakini uhalifu ulipokuwa wa ulaghai, ambao mtu huutenda kwa kuutumia uso wake, hapo mrembo hakupata huruma, aliongezewa. Waamuzi hao wa kubuni walikumbuka kuutilia shaka uso pale tu walipoambiwa kwamba ndio silaha iliyotumika.

Kuhusu siasa nitapita upesi, maana kila mtu anayo yake ya kusema. Alexander Todorov na wenzake waliandika mwaka 2005 kwamba watu waliotazama picha za wagombea wa Seneti ya Marekani, bila ya kuwajua, na kuchagua ni nani anaonekana hodari, waliwataja washindi kwa kiasi cha 7 kati ya 10. Miaka 4 baadaye John Antonakis na Olaf Dalgas waliwauliza watoto wa Uswisi, wengine wa miaka 5 tu, wangemchagua nani kati ya wawili awe nahodha wa jahazi lao; picha zilikuwa za wagombea wa bunge la Ufaransa, na watoto nao wakawataja washindi kwa kiasi hicho hicho. Mvuvi wa Mweru atacheka akisikia kwamba nahodha anachaguliwa kwa picha, yeye ambaye humpima nahodha kwa kuzijua pepo na kwa idadi ya watu aliowarudisha nyumbani salama. Lakini karatasi ya kura ya Zambia ina picha ya mgombea, naye huitia alama kama sisi sote. Hata hivyo umbo si kadari. Katika uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 1991 Kenneth Kaunda alimdhihaki mpinzani wake Frederick Chiluba kwa ufupi wa kimo, na Chiluba akamshinda kwa kupata kura zipatazo 76 katika kila 100, kwa sababu watu waliokosa unga hawakuwa na wasaa wa kupima kimo.

Nimesema juu ya uzuri muda wote huu, nikauacha upande wa pili wa sarafu, ambao ndio mchungu. Mwaka 1934, katika nchi ya Wabemba iliyo mashariki ya ziwa hili, mtaalamu Audrey Richards aliwaona waganga vijana waitwao Bamucapi, waliovaa nguo za Kizungu na waliokuja kwa njia ya Nyasaland, wakikisafisha kijiji kimoja baada ya kingine kutokana na uchawi. Watu walipangwa safu, wanaume mbali na wanawake mbali, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mganga, naye akaikamata sura ya kila apitaye katika kioo kidogo cha mviringo alichokigeuza kwa kiganja; na kwa kuitazama sura iliyomo kiooni alidai kumjua mchawi papo hapo. Sijui picha iliyo kamili kuliko hiyo ya mambo tunayoyazungumza: mwamuzi amempa kisogo mtu, hamsikii, hamuulizi, anatazama kioo. Na dawa ikanywewa, na fedha zikalipwa.

Bamucapi walitoza fedha na pembe za uganga. Kwingine watu walitozwa roho zao. Usukumani, kusini ya Ziwa Viktoria, vikongwe wamekuwa wakikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, ikidaiwa kwamba wekundu huo ni alama ya uchawi, na hali kila mpishi wa huko anajua kwamba moshi wa samadi ya ng'ombe inayowashwa mahali pasipo na kuni humwekundisha macho yeyote anayeuinamia kwa miaka 40. Mwanauchumi Edward Miguel alipochunguza wilaya ya Meatu, na kuchapisha alichokipata mwaka 2005, aliona kwamba katika miaka ya ukame mkali au ya mafuriko mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi yalikuwa maradufu ya miaka mingine. Macho ya vikongwe hayakuwa mekundu zaidi mwaka wa njaa. Njaa ndiyo iliyohitaji uso wa kulaumiwa, kama vile mafuvu ya langoni kwa Kazembe yalivyohitaji uso wa kuyabeba. Nao ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi na macho yao vimewafanya wawindwe katika Tanzania na nchi jirani, wanalijua jambo hili kwa namna ambayo hakuna kalamu inayoweza kuwaongezea.

Kwa kulinganisha na hayo, mkorogo unaouzwa madukani kwa kuwaahidi wasichana weupe ni msiba mdogo, lakini ni msiba: nyingi ya krimu hizo zina haidrokwinoni au zebaki, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umekataza vipodozi vilivyotiwa zebaki. Anayejipaka sumu ili apokelewe vizuri dukani si mjinga kama tunavyopenda kumwita. Ameufanya utafiti wake mwenyewe juu ya jinsi tunavyompokea.

Dini zilituonya mapema. Waislamu wamefundishwa na Mtume wao kwamba Mwenyezi Mungu hatazami sura wala mali, hutazama nyoyo na amali. Na Wakristo wanasoma katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli kwamba mwanadamu hutazama umbo la nje, na Mungu hutazama moyo. Lakini aya chache mbele, katika mlango ule ule wa 16, mwandishi hakuweza kujizuia kutueleza kwamba Daudi alikuwa mwekundu wa uso, mwenye macho mazuri na wa kupendeza machoni. Na watu wa pwani wana methali ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti, na kila aliyeitunga na anayeitumia amekwisha kununua mkakasi.

Kinachotupatia matumaini ni kwamba nuru ile ya Thorndike hutembea njia zote mbili. Mwaka 2004 Kevin Kniffin na David Sloan Wilson walieleza juu ya timu ya wapiga makasia ambamo mmoja alikuwa mvivu na mwingine mwenye bidii sana. Wenzao wa mashuani walimwona mvivu kuwa mbaya wa sura na mwenye bidii kuwa mzuri, na wageni waliotazama picha zao wasione tofauti. Wavuvi wanaovuta wavu mmoja usiku kucha wanalijua hilo bila ya utafiti. Kujuana huurekebisha uso. Lakini kujuana huhitaji muda, na sehemu kubwa ya hukumu zinazotugawia riziki hutolewa na watu wasiokuwa na muda huo.

Kwa ajili yao tunahitaji vitu visivyo na macho. Kopo la kupimia chisense linalojazwa sawa kwa wote ni kitu cha namna hiyo, na namba ya mtahiniwa inayoandikwa juu ya karatasi ya mtihani wa taifa pahali pa jina ni kitu cha namna hiyo. Vingine viko katika uwezo wetu na hatujavifanya. Mwalimu wa darasa aweza kuyafunika majina ya madaftari kabla ya kusahihisha insha. Hakimu wa mahakama ya mwanzo aweza kuiandika sababu ya kila mwezi wa kifungo anachokitoa, ili asiyemwona mshitakiwa aisome na kuipima. Na barua ya kuomba kazi haihitaji picha: mwenye duka, mwenye shule na mwenye ofisi wa Nchelenge, na wa kila mahali linapofika gazeti hili, na aliondoe sharti hilo katika tangazo lake lijalo.